Jibu la Barazani, Jibu la Jikoni

Mmeniambia niseme ya kazini, nyinyi wanangu wa tableti mnaoanza utafiti, na mimi nitayasema mbiombio kwa sababu kukaa siwezi. Tangu niache kazi makalio yamekataa kiti. Asubuhi najifunga leso natoka mpaka Kona ya Musa, sina ninachonunua, nazunguka tu nasikiliza watu wanavyogombana, narudi. Kusoma sikusoma. Chuoni kwa Maalim nilitoka na alifu na be, shule sikuiona hata mlango. Kwa hivyo mimi nasema, mwenye kuandika aandike, na asinirekebishe. Nikisema mjinga, aandike mjinga.

Miaka ishirini na mbili nimefanya kazi na daktari wa chuo kikuu. Si daktari wa sindano, ni daktari wa vitabu, jina lake Mutheu. Mkamba, mtu wa kanisa, shati lake limepigwa pasi mpaka ukingo wake utakata mkate. Alichokuwa anakitafuta ni hiki: dini na sayansi zikikaa nyumba moja, chumba zinagawana vipi? Mtu akiumwa aende wapi kwanza? Mvua ikigoma aulizwe nani? Mwezi uandame kwa macho au kwa hesabu? Wenzake waliyasoma hayo vitabuni huko Nairobi. Yeye aliyataka midomoni mwa watu, kuanzia Msambweni mpaka kule bara kukavu kwa wafugaji. Na kwenye midomo ya watu hafiki mgeni peke yake.

Siku ya kwanza alinikuta Galu, mlango wa nyuma wa hoteli moja, nawauzia wafanyakazi mahamri na mbaazi. Nilikuwa nawachekesha kwa kumwiga meneja wao, yule aliyezungumza kama mtu aliyemeza kijiko. Mutheu kasimama na hamri lake mkononi, hali, ananitazama tu. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama reli: "Mama, wewe unaweza kumwiga mtu yeyote?"

"Yeyote mwenye mdomo," nikamwambia. "Wewe nimeshakumaliza. Nunua la pili nikuonyeshe."

Akanunua manne.

Kesho yake tukaenda bara kwa mzee mmoja mfuga mbuzi. Mutheu akatoa kinasa sauti chake. Mzee akakitazama kama anatazama nyoka wa mjini. "Hicho kikiichukua sauti yangu, mbuzi zangu nitaziita na nini?" Kinasa kikarudi mkobani. Tukazungumza naye mpaka jua likageuka, na hata kalamu mzee hakuitaka. Ndani ya gari Mutheu akashika kichwa: "Siku imepotea, mama."

"Imepotea wapi? Mzee huyu hapa."

Nikamtoa mzee mzima mzima, na kikohozi chake, na pale alipomkemea beberu katikati ya maneno. Mutheu akaegesha gari pembeni, akaandika mpaka kalamu ikakauka. Kazi nikaipata. Nikawa kinasa sauti kinachokula.

Msidhani ilikuwa mteremko. Mutheu alikuwa na swali moja lililonitoa jasho kuliko jua la Kinango: "Mama Mishi, hapo anasema yeye, au unasema wewe?" Mara moja nilimtia mzee mmoja maneno matamu kidogo, maana mwenyewe alikuwa mkavu kama muhogo wa juzi. Mutheu akaniuliza swali lake. Nikacheka. Hakucheka. Akachana karatasi za siku nzima, akazitia mfukoni, akawasha gari. Nilinuna mpaka Kombani. Lakini sikuongeza tena chumvi kwenye chungu cha mtu.

Na mimi nilimfunza langu. Mwezi wa kwanza kila nyumba tuliyokwenda jibu lilikuwa moja. Ukiumwa unaenda wapi? Hospitali. Mtoto akishikwa na degedege? Hospitali. Jini likikupanda? Hospitali, daktari! Mutheu anafurahi, anaandika. Mimi nacheka mpaka leso inanifunguka.

"Unacheka nini?"

"Umekuja na gari, umevaa shati hilo, umeshika kalamu. Wakupe nini? Mgeni huku hupewa anachokitaka. Ungekuja na kanzu, wangekujibu kombe kila nyumba."

Kombe mnalijua, au mmezaliwa na tableti? Maalim anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaiosha kwa maji na marashi, maji yale unakunywa. Wino unaingia tumboni na maneno yake. Basi nikamwambia Mutheu: hilo ni jibu la barazani. Jibu la jikoni linataka mtu mwingine na siku nyingine. Ikawa ndio mwendo wetu. Leo anauliza yeye barazani, kesho narudi mimi na nazi yangu, nakaa kwenye mbuzi nakuna, siulizi kitu. Mwanamke akiwa na moshi machoni na mwenzake anamkunia nazi, atasema yote. Kisha, hili Mutheu alilishikilia kwa meno, kabla hatujaandika lazima nirudi nimwambie mwenyewe: yale ya jikoni, tuyaandike? Akisema la, ni la. Akisema ndiyo, jina linaondolewa. Tukawa na madaftari mawili, moja la baraza, moja la jiko. La jiko ndilo lililonenepa.

Yamo mengi. Yumo kijana wa kutoka bara ya juu, mhudumu wa hoteli Diani, barazani anatwambia, "Mathe, mimi ni mtu wa sayansi, si unajua, hizo story za majini ni za kitambo." Akainama kuokota trei, hirizi ikamchomoka shatini, nene kama kidole gumba. "Hii? Aa, hii ni ya akiba tu." Yumo bwana wa kupima mvua kutoka ofisi za Kwale juu, suruali ina mstari, "Kwa mujibu wa vipimo vyetu, msimu huu mvua itakuwa chini ya kiwango cha kawaida." Wazee wa kaya, wale wa msitu wa matambiko, walikuwa wamesema itanyesha Alhamisi. Mkewe akaniambia jikoni kwamba bwana alipanda mahindi yake Jumatano. Mutheu aliposikia hilo alicheka peke yake barabara nzima, kisha akasema, "Hata mimi, mama, kabla ya mtihani wangu wa mwisho nililala na mafuta ya upako kwenye paji." Nikamwuliza, hilo la barazani au la jikoni? Akasema la jikoni. Ndiyo maana sikulisema mpaka aliponipa ruhusa, na ruhusa amenipa wiki iliyopita kwa simu.

Sasa nafika kwa Maalim Bakari. Nimezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, nimefika.

Maalim Bakari alinifunza hiyo alifu na be. Amefunza nusu ya kijiji, na nusu iliyobaki ameiandikia kombe. Mtu mrefu, mkimya, kabla ya kusema anasafisha koo, "Ehm!", na kila mwanamke kwake ni binti, hata ajuza asiye na jino. Alhamisi alasiri uwanja wake ulijaa wanawake na chupa zao. Barazani alimwambia Mutheu kwamba yeye tangu azaliwe hajameza kidonge. Kesho yake nilikuwa jikoni na mkewe, Mwanasha, tunapepeta mchele wa hitima. Maalim akaingia, ananukia vumbi la safari, akatoa pakiti ya dawa chini ya kofia akampa mkewe aitie kwenye kopo la hiliki. Akaniona. Akakaa kwenye kigoda, kachoka.

"Ehm! Sikiliza, binti. Nina sukari. Kila mwezi napanda Kwale kuchukua dawa, Msambweni siendi, nitaonekana. Watu nawaaga naenda kununua zafarani. Kombe namwandikia Mungu, kidonge naupa mwili. Sioni ugomvi wao. Lakini walioko nje watauona."

Siku ya tatu nikamrudia: tuyaandike? Akafikiri mpaka chai ikapoa. "Yaandike. Jina langu lisionekane."

Na halikuonekana. Kwenye karatasi ya Mutheu lilitoka safi, "mzee mmoja, mwalimu wa dini." Karatasi haikufanya kosa.

Mutheu alikuwa na desturi nzuri: utafiti ukiisha unarudishwa kwa wenyewe. Tukaitisha watu kwenye uwanja wa shule, viti vya plastiki, sharubati, kina mama, wazee, Maalim Bakari safu ya tatu na fimbo yake. Mutheu akaanza kusoma. "Matokeo yetu yanaashiria mwingiliano wa mifumo ya maarifa." Watoto wakaanza kulia. Mwanamke mmoja akafungua mchicha wake akawa anachambua. Mutheu akanigeukia, jasho linamtoka: "Mama Mishi, hebu nisaidie."

Nikasimama. Nikamtoa yule mhudumu na hirizi yake, uwanja ukacheka. Nikamtoa bwana wa mvua, watu wakashikana mabega. Wanangu, kicheko cha watu mia ni kileo, na mimi sijawahi kuonja kileo kingine. Nikasema, "Na mzee mmoja, mwalimu wa dini..." Nilikusudia kuyasema kwa sauti yangu. Wallahi nilikusudia. Koo likasafishika lenyewe.

"Ehm! Sikiliza, binti. Nina sukari."

Uwanja ukapasuka. Mmoja nyuma akapiga kelele, "Maalim Bakari huyo!" Mwengine, "Kumbe zafarani inauzwa hospitali!" Mimi nimesimama na mdomo wazi, sauti ya mtu imo ndani yake. Maalim aliinuka, akatia viatu vyake, cha kushoto kilimsumbua, akachukua muda kukitia na watu wote wanamtazama, akaenda zake.

Nilidhani lililobaki ni aibu. Aibu ingekwisha. Ijumaa ile kulikuwa na maulidi kwa jirani. Sinia ya halua ikapita. Maalim akanyoosha mkono mbele ya watu wote akachukua kipande, akala polepole, akachukua cha pili. "Mwenye sukari hali halua," akasema. "Nitazameni." Kwale hakupanda tena. Zile dawa za kopo la hiliki akazimwaga chooni mwenyewe.

Mwezi haukuisha, Mwanasha akaja kwangu, hakubisha hodi. "Mishi, mguu wa kushoto una kidonda kidoleni, kimeanza kunuka. Nikimwambia hospitali ananiambia, unataka Mishi acheke tena? Wewe ndiye uliyeniulia mume, njoo umzike."

Nikampigia Mutheu. Upande wa pili ikatoka sauti ndogo ambayo sijawahi kuiiga: "Lakini jina tuliliondoa, mama." Alikuja kesho yake. Alitaka kuifuta ile sehemu yote ya kitabu chake. Nikamwambia, daktari, futa kitabu kizima ukitaka, kidole hakitapona. Akakaa ndani ya gari nje ya nyumba yangu, akafumba macho, midomo inakwenda. Anaomba. Alipofungua macho akasema neno ninalotaka mlitie kwenye tableti zenu. "Walikuwa wanashika vyote viwili, mama, hawana shida. Tukaja sisi kuuliza vinakaaje pamoja, na tumemfanya mmoja achague."

Nilikwenda kwa Maalim mara tatu. Mara ya kwanza amekaa kibarazani, ananitazama usoni, anamwambia mkewe, "Mwambie mgeni mwenye nyumba hayupo." Nikasema, "Mwambie mwenye nyumba asiyekuwepo, shikamoo." Shikamoo isiyoitikiwa, mimi, kwa mtu aliyenishika kidole kuandika be! Mara ya pili aliingia ndani, anachechemea. Mara ya tatu harufu nilianza kuisikia mlangoni, na hapo mzaha ukaniisha mwilini. Nikarudi nyumbani, nikatoka, nikarudi, nikatoka. Jirani akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia mguu wa mtu.

Alhamisi nikaenda saa ya kombe. Uwanja haukuwa kama zamani, wanawake kumi, kumi na wawili, na baadhi nina hakika walikuja kutazama mguu. Maalim amekaa kwenye mkeka, mguu ameufunika kikoi, anaandika kwenye sahani. Sikupanga foleni. Nikasimama katikati.

Sikilizeni, hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya kazini. Nilizungumza kwa sauti yangu. Sikuijua. Ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliyeazima.

"Maalim, nina presha, mwaka wa tisa huu. Vidonge vyangu hivi." Nikafungua pindo la leso, nikavitoa, nikavishika juu wavione wote. "Na kombe lako sijakosa kulinywa hata mwezi mmoja. Siku ile nilisema ya kwako nikayaficha ya kwangu. Nimekuja uniandikie."

Kuku anapita. Maalim hakuinua kichwa, kalamu imesimama juu ya sahani. Nikawageukia wale wanawake. "Mnanitazama nini? Mwengine hana?"

Mkono wangu ukabaki juu na vile vidonge. Kisha Bi Tima, yule bibi asiye na jino, mkali kama pilipili mbuzi, akashika pindo la leso yake, akalifungua kwa vidole vyake vya baridi yabisi, polepole mpaka nilitaka kumsaidia. Vidonge vitatu na shilingi kumi. "Vya viungo," akasema. "Na mnitolee macho sasa." Wa pembeni yake akafungua. Vya pumu. Mwengine, vya presha kama mimi, rangi moja. Mwengine akageuka upande kwanza, akafungua, hakusema vya nini, na hakuna aliyemwuliza. Wanawake wazima, wakaaji wa kijiji kimoja, miaka yote wanakuja kuchukua kombe na dawa zimefungwa pindoni, kila mmoja anadhani ni yeye tu.

Maalim aliinua kichwa. Akayapitia yale mapindo moja moja, kama anavyopitia mbao za wanafunzi. Chozi sikuliona, msinitie maneno. Akasafisha koo.

"Fungeni. Zitaingia mchanga."

Akarudi kwenye sahani yake. Aliwaandikia wote. Chupa yangu hakuigusa. Nikaondoka nayo tupu.

Jumanne iliyofuata alikwenda hospitali, na hakupanda Kwale. Alikwenda hapa hapa Msambweni, mchana, kanzu nyeupe, Mwanasha kamshika mkono, wakapita mbele ya maduka yote. Waliokuwa wanacheka wakamwamkia, naye akaitikia. Vidole viwili vilikatwa. Mguu ulibaki. Daktari alimwambia wiki mbili zaidi angeuaga. Hizo wiki naziwaza kila siku, na nikiziwaza nainuka natembea.

Kazi nikaiacha mwezi ule ule. Mutheu alinisihi. Nikamwambia, kinasa sauti mtu hukizima akitaka, mimi sina kitufe. Nyinyi mnaoanza mnasema mashine zenu zinaficha sauti, zinazigeuza, hakuna atakayemjua mtu. Haya. Lakini kabla hamjasimama mbele ya watu, waulizeni wenyewe: si kuandikwa tu, je, wasemwe mbele za watu? Ni ruhusa mbili. Mimi niliomba moja nikatumia mbili.

Maalim hajanisemesha. Nikipita anatazama mbele. Shikamoo naitoa, inaanguka barabarani, naiacha pale pale.

Juzi Mwanasha alinikuta mlangoni natoka. Ana chupa chini ya buibui, imejaa, maji yana rangi ya zafarani na marashi yananukia mpaka kwa jirani. "Kutoka kwake," akasema. Nikamwuliza, kasema nini? "Hajasema kitu. Kaandika sahani nzima, mpaka ukingoni, kaosha, kaniambia mpelekee."

Nikaishika chupa. Mimi kusoma sikujua hata maneno yalipokuwa bado kwenye sahani, seuze yakiwa maji. Huenda kaniandikia dua ya presha. Huenda kaniombea nifungwe mdomo mpaka siku ya kiama, na haki yake anayo. Mwanasha ananitazama. Nikafungua pindo, nikakitia kidonge changu mdomoni, nikakiteremsha kwa maji ya Maalim, yote, mpaka chini ya chupa.